Mass Effect: Mgeni Aanzie Wapi?

MKONGWE: Aanze na gemu ya kwanza, ile iliyotoka 2007, aimalize yote, ndipo aende ya pili na ya tatu. Mass Effect ni hadithi moja yenye sehemu tatu, na BioWare, studio ya Edmonton huko Kanada, waliipanga hivyo tangu mwanzo. Faili ulilosevu mwishoni mwa sehemu ya kwanza unaliingiza kwenye ya pili, na la ya pili unaliingiza kwenye ya tatu. Uliyemwokoa utamkuta mbele ya safari. Uliyemwacha afe ndiyo basi tena. Sasa anayerukia katikati atakuwa anaishi na maamuzi ya nani?

MWENYE BANDA: Atakuwa anacheza gemu inayochezeka, hilo kwanza. Kijana, mimi nina banda la gemu. Kazi yangu ni kuangalia sura za watu wakiwa wameshika pedi, na namjua anayekaribia kunyanyuka. Hiyo ya kwanza inamchosha mtu kabla haijamfurahisha. Anashuka kwenye sayari ya Eden Prime, anapigana kidogo, anaanza kunogewa, mara anapelekwa Citadel, kituo kikubwa cha angani, na huko ni maneno matupu. Anatembea, anapanda lifti, anaongea na balozi, anapanda lifti tena. Wengi safari yao inaishia hapo. Ya pili, ya 2010, inafungua na meli ikiungua na watu wakikimbilia vyombo vya kujiokoa. Hata aliyekuja kuchaji simu anageuza kiti atazame.

MKONGWE: Mzee wangu, Citadel ndiyo yenyewe. Mwaka ni 2183, na pale ndipo mgeni anapogundua kwamba binadamu naye ni mgeni. Baraza linaloamua mambo lina viumbe wa sayari nyingine: Waasari, Wasalarian na Waturian. Sisi hatuna kiti. Pale ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza habari za jenofeji, ugonjwa uliotengenezwa na Wasalarian na kusambazwa na Waturian ili uzazi wa Wakrogan upungue. Ukimpitisha haraka hapo, baadaye akimwona Mkrogan ataona jitu lenye bunduki tu. Hatamwona mtu wa kabila ambalo watoto wake wengi hawazaliwi hai.

MGENI: Naomba niingie hapo, maana mnanijadili kana kwamba sipo. Mimi gemu zangu zote zimekuwa za mpira. Mechi inaisha, aliyefungwa anatoa pedi, maisha yanaendelea. Hii mnayoisema sijui hata kama ni ya kupigana au ya kuongea. Na muda wangu ni usiku, watoto wakishalala. Nikianza na hiyo ya maneno matupu, nitasinzia.

MKONGWE: Ni ya yote mawili, dada. Unakuwa Kamanda Shepard. Unachagua awe mwanamume au mwanamke, amezaliwa wapi, amepitia nini jeshini, na ana ujuzi gani. Anayetaka bunduki anachukua askari wa kawaida, na anayetaka kurusha watu hewani kwa nguvu za akili anamchukua Adept. Halafu kila mazungumzo yanakuletea duara la majibu: juu ni upole, chini ni ukali, kushoto ni maswali zaidi. Unayemjibu anakumbuka.

MWENYE BANDA: Na yote hayo yamo kwenye ya pili. Shepard yule yule, duara lile lile, na upigaji risasi uliokaa sawa. Ya kwanza ilipotoka, ulikuwa unamlenga adui katikati ya paji la uso na risasi inakwenda pembeni, kwa sababu hujaweka pointi za kutosha kwenye bastola. Mwelezee hilo mtu anayetoka kwenye mpira. Nimepiga golini, kipa hayupo, goli linakataliwa kwa kuwa mguu wangu haujafikia leveli?

MKONGWE: Hilo lilikuwa kweli zamani. Toleo la Legendary la Mei 2021 limeziweka zote tatu pamoja na kuirekebisha hiyo ya kwanza: shabaha imenyooshwa, lifti zimefanywa fupi, na lile gari la magurudumu sita, Mako, lililokuwa likirukaruka mlimani kama mbuzi, sasa linatii usukani. Unazungumzia gemu ambayo leo hakuna anayelazimika kuicheza ilivyokuwa.

MWENYE BANDA: Legendary hiyo kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 120. Zitoke kwenye bando la nani? Mtu akikopeshwa diski ya ya pili peke yake na jirani, au akaikuta kwenye mashine ya zamani, unamwambia aiweke kabatini mpaka akusanye bando? Wewe unazungumzia mgeni wa kwenye ndoto zako. Mimi namzungumzia anayekuja na alichonacho.

MGENI: Tuseme nimeipata yote. Swali langu lipo pale pale. Nikianza na ya pili nakosa nini hasa?

MWENYE BANDA: Kidogo sana, na waliotengeneza walilijua hilo. Mwaka 2011 waliileta ya pili kwenye PlayStation 3 wakati ya kwanza haijafika huko, maana ilikuwa ya Xbox 360 na kompyuta. Je, waliwaambia wenye PlayStation wasubiri? Hapana. Waliwatengenezea katuni inayoitwa Genesis. Inakusimulia ya kwanza kwa picha, ikifika penye uamuzi mkubwa inasimama inakuuliza, unachagua, unaingia vitani. Ya kwanza yenyewe ilifika kwenye mashine ile Desemba 2012, baada ya hata ya tatu kutoka. Kundi zima la wachezaji liliingia kwa kupitia katikati, na hakuna aliyewaita wezi wa hadithi.

MKONGWE: Sasa mweleze katuni inamuuliza nini.

MWENYE BANDA: Inauliza mambo makubwa ya hadithi.

MKONGWE: Inamuuliza kati ya Ashley na Kaidan nani afe. Wote ni askari wake, wapo sehemu mbili tofauti za uwanja wa vita, na muda unatosha kumfuata mmoja. Kwenye gemu swali hilo linakuja baada ya kuishi nao melini. Umeshamsikia Ashley akisimulia kuhusu dada zake na babu yake aliyesalimisha jeshi, umeshamsikia Kaidan akieleza shule iliyomwumiza utotoni. Kwenye katuni swali linakuja mgeni akiwa ameona picha zao mbili tatu.

MGENI: Yaani naulizwa nani afe kati ya watu nisiowajua? Nitachagua mwenye sura nzuri.

MKONGWE: Umesikia, mzee?

MWENYE BANDA: Nimesikia, na nitakujibu. Wanaocheza ya kwanza wote wanachagua kwa moyo? Nimekaa nyuma ya watu wakifika pale. Mmoja anasema, "Kaidan simtumii vitani, abaki." Mwingine, "Ashley ana bunduki nzuri, namtaka." Wameishi nao melini siku zote hizo na bado wamehesabu silaha. Saa nyingi za kucheza hazimpi mtu moyo ambao hakuja nao.

MKONGWE: Lakini zinampa nafasi ya kuwa nao. Katuni haimpi hata hiyo. Na akiiruka katuni, akaanza ya pili moja kwa moja, gemu inamwamulia yenyewe, na inaamua vibaya. Baraza limekufa. Wrex amekufa.

MGENI: Wrex ndiye nani?

MKONGWE: Nisingependa kukuambia.

MWENYE BANDA: Mwambie bwana. Huu nao ni ugonjwa mwingine wa wakongwe, kuficha hadithi kama siri ya ukoo. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video. Lufufu hapa Dar alikuwa anaisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili mwanzo mwisho. DJ Afro kule Kenya anafanya hivyo mpaka anakuonya kwamba huyu jamaa hafiki mbali. Watu waliondoka? Walirudi kesho yake kuitazama ile ile. Mtu kujua kwamba fulani atakufa hakujawahi kumtoa kwenye benchi.

MKONGWE: Kwenye filamu wewe hukushika bunduki. Steringi akifa amekufa, ujue usijue. Hapa anakufa kwa sababu ya ulichosema au ulichoacha kusema. Nikimwambia mapema, nimemwondolea uamuzi, nikamwachia mtihani wenye majibu mkononi.

MGENI: Mimi nataka kujua. Niambieni huyo Wrex, halafu nitaamua mwenyewe kama nimeharibiwa.

MKONGWE: Sawa. Wrex ni Mkrogan, askari wa kukodiwa, mzee wa vita, na unaweza kumchukua kwenye kikosi chako. Kwenye sayari ya Virmire mnakuta adui yenu, Saren, amepata dawa ya jenofeji na anazalisha jeshi la Wakrogan. Kazi yako ni kuilipua ngome ile, na dawa iungue humo humo. Wrex anasikia. Anakwenda ufukweni, anapiga risasi kwenye maji. Unamfuata, mnanyoosheana bunduki. Umwambie nini mtu ambaye unakwenda kuchoma dawa ya kabila lake?

MGENI: Ningemwambia kwamba watoto watakaozaliwa pale watakuwa watumwa wa Saren.

MWENYE BANDA: Jibu zuri. Sasa mwambie, kijana, kama gemu itamruhusu alitoe.

MKONGWE: Inategemea.

MWENYE BANDA: Inategemea pointi! Dada, ukiongezeka leveli unapewa pointi za kugawa. Kuna za bunduki, za deraya, na za ushawishi. Kama huko nyuma ulizimwagia bunduki, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya akipigwa risasi, basi ukifika ufukweni yale majibu ya kumtuliza yanakuwa ya kijivu. Unayasoma na hayabonyezeki. Rafiki yako anaweza kufa kwa kosa la hesabu ulilofanya siku nyingi nyuma, na hapakuwa na mtu wa kukuambia. Mkongwe anaiita hiyo dhamiri. Mimi naiita mtego wa mgeni.

MKONGWE: Hajakumalizia. Kuna njia nyingine isiyohitaji hata pointi moja. Wrex akiwa melini, ukimzoea, anakueleza habari za deraya ya ukoo wake iliyochukuliwa na wengine. Ukiitafuta ukamrudishia, siku ya ufukweni anakusikiliza. Maana yake ni kwamba aliyekaa naye akamsikiliza amepata njia. Gemu inamlipa mwenye masikio.

MWENYE BANDA: Na mgeni atajuaje kwamba ashuke chini melini akaongee naye tena, wakati hakuna alama inayomwita?

MKONGWE: Aongee na kila mtu, kila baada ya misheni. Huo ndio ushauri wa pekee ninaompa mgeni.

MWENYE BANDA: Kumbe unao! Tangu tulipoanza unahubiri aingie bila mwongozo, avune alichopanda. Sasa umemchorea ramani.

MKONGWE: Nimemwambia asikilize. Sijamwambia achague nini.

MWENYE BANDA: Umemwokolea Wrex mapema, hilo ndilo ulilofanya. Kubali kwamba gemu hii bila mtu wa pembeni inamwonea mgeni, tusogee mbele.

MKONGWE: Basi tusogee mpaka kwenye ya pili unayoisifia. Mwisho wake ni msafara wa kufa. Unachagua nani apite kwenye mabomba afungue mlango, nani aongoze kikosi kingine, nani abaki nyuma. Ukimtuma asiyefaa, mtu anakufa. Ukiwa hukumsaidia mwenzako jambo lake la moyoni kabla ya safari, mtu anakufa. Usipoiimarisha meli, watu wanakufa kabla hamjafika. Huo nao ni mtego wa mgeni, au kwa kuwa ni wa gemu yako una jina lingine?

MWENYE BANDA: Huo unauona ukija. Ya pili yote ni kukusanya watu na kusikiliza shida zao, mmoja mmoja, kila mmoja na misheni yake. Ukifika mwisho unajua nani fundi, nani kiongozi, nani bado ana kinyongo. Ukikosea, unajua ulipokosea. Ya kwanza inakuadhibu kwa somo ambalo haikulifundisha.

MGENI: Mimi kuna kitu kinanisumbua zaidi ya hicho. Hayo majibu ya juu na ya chini. Nikijibu juu leo na chini kesho, kulingana na ninayeongea naye, itakuwaje?

MKONGWE: Ya juu yanakuongezea Paragon, ya chini Renegade. Ni vipimo viwili, kimoja cha bluu na kingine chekundu.

MGENI: Nimeelewa rangi. Nauliza kama nitaadhibiwa kwa kuchanganya.

MWENYE BANDA: Mjibu.

MKONGWE: Hasa kwenye ya pili, ndiyo. Ukichanganya sana, kuna majibu mazito yanafungwa, kwa sababu hujakusanya vya kutosha upande wowote.

MGENI: Basi hapo mnaniuzia kitu kingine kabisa. Mlisema nitaamua kwa akili yangu. Mtu mwenye akili timamu hajibu watu wote kwa sauti moja. Mnyonge ninamjibu kwa upole, tapeli ninamfokea. Sasa gemu inataka nichague mapema kuwa malaika au jambazi, kisha nibonyeze upande ule ule mpaka mwisho. Hiyo ya kwanza na ya pili mnazogombania, zote zina kasoro hii?

MKONGWE: Ya kwanza kidogo ina nafuu. Pale ushawishi unaununua kwa pointi zako, kwa hiyo unaweza kuchanganya na bado ukawa na ulimi.

MWENYE BANDA: Zile pointi zinazomwua Wrex.

MKONGWE: Zile zile, ndiyo. Lakini umeona? Kwa mtu kama dada, anayetaka kujibu kila mtu kwa stahili yake, ya kwanza ndiyo inamfaa. Na kuna jingine. Mzee ulisema lugha ni kikwazo.

MWENYE BANDA: Sijalisema bado, ila nalisema sasa. Hakuna Kiswahili humo, si sauti wala maandishi. Sheria za Baraza, siasa za Waturian, yote Kiingereza, tena cha kijeshi.

MKONGWE: Kwenye ya kwanza duara la majibu linakusubiri. Unaweza kuweka pedi chini, ukasoma taratibu, ukaangalia kamusi, ukanywa chai, na yule balozi amesimama anakungoja. Ya pili ilileta vitufe vya kukatiza mazungumzo: alama inamulika pembeni, una sekunde chache, ubonyeze au ikupite. Mwenye Kiingereza cha kubabaisha anabonyeza bila kujua anampiga mtu au anamkumbatia. Sasa gemu ipi inamwonea mgeni?

MWENYE BANDA: Hapo umenigusa, sikatai. Lakini hujajibu la usingizi. Amesema anacheza usiku, amechoka. Angalau mruhusu apunguze ugumu, ashike kiwango cha Casual.

MKONGWE: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aanze Normal. Akipigwa risasi ndipo atakapojua thamani ya kujificha nyuma ya ukuta, na ya wenzake.

MWENYE BANDA: Siku zake mbili hazijaisha, na hakuja kulima. BioWare wenyewe kwenye ya tatu, 2012, mwanzoni kabisa walimuuliza mchezaji anataka mapigano, hadithi, au vyote. Anayetaka hadithi walimlegezea vita. Wenye shamba wameruhusu, wewe kibarua unakataa?

MGENI: Hilo nimeshaliamua, nitaweka Casual. Nikitaka kusumbuliwa nina kazi asubuhi.

MKONGWE: Utakosa hofu.

MGENI: Hofu ya kupigwa risasi siihitaji. Hofu ya yule jamaa wa ufukweni nimeshaipata, na sijawasha hata mashine.

MWENYE BANDA: Kwa hiyo umemwelekea yeye. Ya kwanza.

MGENI: Ndiyo, lakini si kwa sababu zake za heshima ya hadithi. Katuni ndiyo iliyonikimbiza. Sitaki kuulizwa nani afe kabla sijaambiwa ni nani.

MKONGWE: Vizuri. Na ukifika melini usome Codex, ile kamusi ya ndani. Hata meli kubwa za kivita za binadamu zimepewa majina ya milima. Kuna Everest, kuna Fuji, na ipo Kilimanjaro.

MGENI: Kilimanjaro ina mizinga?

MKONGWE: Ina aina nzima ya meli iliyopewa jina lake.

MWENYE BANDA: Ameshanasa huyo. Dada, nikuulize swali moja, maana hapa ndipo mimi na huyu kijana hatutapatana kamwe. Umefika Virmire. Majibu yamekuwa ya kijivu. Wrex amelala mchangani. Utarudia kutoka kwenye sevu ya nyuma, au utaendelea?

MKONGWE: Aendelee! Akirudia, uamuzi huo na mengine yote yanakuwa mazoezi. Na kifo kile hakipotei. Kwenye ya tatu, pale Wakrogan wanapotafuta kiongozi, asipokuwepo Wrex anasimama ndugu yake, Wreav, mwenye kiu ya kisasi. Suala la dawa linarudi mezani likiwa na uzito mwingine kabisa. Hiyo ni hadithi kamili, si hadithi iliyoharibika.

MWENYE BANDA: Arudie! Kitufe cha kusevu hakikuwekwa pale kwa urembo. Mtu ametoa fedha yake na usingizi wake, halafu aishi na maiti ya rafiki hadi gemu ya tatu kwa sababu hakujua pointi zinakwenda wapi?

MGENI: Inategemea amekufaje. Kama nilielewa ninachofanya, nikaamua bunduki zina maana kuliko maneno, au nikamwona ni hatari kwa kikosi, nitamwacha pale. Kama amekufa kwa sababu sikuelewa vipimo vyenu au Kiingereza kilinipita, nitarudia bila aibu, maana hapo sikuwa nimeamua chochote.

MKONGWE: Na utajitenganishaje? Saa hiyo utakuwa na hasira, na mwenye hasira siku zote husema hakuelewa.

MGENI: Na wewe uliyeelewa kila kitu, utanihukumu kwa faili gani? Langu hujaliona.

MWENYE BANDA: Mwache alete faili. Tutagombana vizuri zaidi tukiwa na maiti ya kugombania.